Uzi: Kuurudishia mwili hisia ya usalama baada ya kiwewe, na kwa nini nisingeanza na pumzi

Mnasihi wa Raskazone

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Uzi huu ninauandika kwa ajili ya watu ambao jambo la kutisha limewapata na likaisha, lakini miili yao bado inaishi kana kwamba halijaisha, hali tunayoiita kiwewe. Hapa Tanga ninakofanya kazi ya unasihi, watu hao ni wengi kuliko wanavyoonekana: aliyetolewa kwenye basi lililopinduka, aliyeokolewa baharini chombo kilipozama, mama aliyempoteza mtoto siku ya kujifungua, kijana wa bodaboda aliyevamiwa usiku, binti aliyefanyiwa ukatili na mtu wa nyumbani kwao. Wanafanya kazi, wanahudhuria harusi na misiba, lakini tairi likipasuka mtaani moyo unawaenda mbio na kijasho chembamba kinawatoka, na wakiulizwa wana nini hujibu kwamba hawana kitu. Wahenga walilijua hili zamani waliposema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ninachotaka kukisema ni kimoja, nacho ni kwamba uzingativu, yaani zoezi la kuyaelekeza mawazo kwa hiari kwenye kinachotokea sasa hivi bila kukihukumu, unaweza kumsaidia sana mtu wa namna hii, ila kwa sharti kwamba auanze nje ya mwili wake, kidogo kidogo, macho yakiwa wazi, na akiwa na uhuru kamili wa kuacha wakati wowote. Maelekezo yanayosambazwa kila siku kwenye simu, ya kukaa kimya, kufumba macho na kuifuata pumzi, yanawafaa watu wengi waliochoka na shughuli za maisha, lakini kwa aliyepatwa na kiwewe yanaweza kumrudisha palepale alipokimbia.

Nieleze kwanza kinachotokea mwilini, kwa sababu asiyekielewa huishia kujilaumu. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hutambua dalili za hatari kwa kasi kubwa, mara nyingi kabla akili ya kufikiri haijapata nafasi ya kuuliza ni nini. Ikitambua hatari, homoni za adrenalini na kotisoli humwagwa katika damu, moyo huongeza mapigo, damu huelekezwa kwenye misuli ya mikono na miguu, na tumbo husimamisha kazi yake kwa muda. Mwili hapo umejiandaa kupigana au kukimbia. Pale ambapo yote mawili hayawezekani, kwa sababu mshambuliaji ana nguvu zaidi au chombo kimekwisha kupinduka, mwili una njia ya tatu, ambayo ni kuganda: sauti haitoki, viungo vinakuwa vizito, na mtu anaweza kujiona kama yuko mbali na mwili wake mwenyewe.

Hapo pa kuganda naomba nipasisitize, kwa kuwa ndipo penye maumivu makubwa kuliko yote ninayoyasikia. Mwanamke aliyebakwa huulizwa na ndugu zake, na wakati mwingine hata na wale anaokwenda kuwaomba msaada, kwa nini hakupiga kelele. Yeye mwenyewe hujiuliza swali hilohilo usiku kucha. Jibu la kweli ni kwamba hakuchagua kunyamaza, kwa sababu kuganda ni tendo la mfumo wa neva, kama vile kupepesa jicho kitu kinapolikaribia, na halina uhusiano wowote na kuridhia. Mtu huyo hata kabla ya kufundishwa zoezi lolote anapaswa kuambiwa maneno hayo waziwazi, na kuambiwa tena.

Baada ya tukio kuisha, kwa watu wengi mwili hurudi katika hali yake ndani ya siku au wiki chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu duniani hupatwa na tukio la kutisha walau mara moja maishani, lakini ni kama asilimia 5.6 tu ya waliopatwa wanaoingia katika ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, ambao Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuingiza rasmi katika orodha yake mwaka 1980. Kwa hao, tahadhari haizimiki. Usingizi unakatika, ndoto zinawawewesesha, mgongo na mabega vinakaza, hasira inapanda kwa jambo dogo, na mahali pa tukio panaepukwa hata kwa kuzunguka mitaa mizima.

Kumwambia mtu huyo «tulia, yamekwisha» hakumsaidii, ingawa anayesema ana nia njema. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi kwenye moyo, mapafu na utumbo, ina nyuzi ambazo takriban asilimia 80 yake hupeleka habari kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo, wala si kinyume chake. Ubongo kwa hiyo unapokea taarifa nyingi za hatari na za usalama kutoka chini, kutoka kwenye misuli, moyo na tumbo. Ukitaka kuushawishi, ni lazima mwili wenyewe upate kuonja usalama, hata kwa nusu dakika.

Uzingativu wa kisasa hospitalini ulianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kama mafunzo ya wiki kadhaa, na kwa sehemu kubwa wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watu wenye maumivu sugu na magonjwa ya muda mrefu. Haukutungwa kwa ajili ya walionusurika ajali au ukatili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown wakiongozwa na Willoughby Britton wameonyesha kwamba baadhi ya watu wanaofanya tafakuri, yaani mazoezi ya kukaa kimya na kuelekeza mawazo, hupatwa na hofu kali, kumbukumbu za kiwewe kurejea kwa nguvu, au kujihisi wamejitenga na miili yao. Sikusudii kuwatisha watu wauache uzingativu kwa kulitaja jambo hilo, ila nataka tuufundishe kwa adabu inayowastahili walioumia.

Sasa nieleze ninavyoanza. Mtu akija, kwanza anachagua mahali pa kukaa. Wengi huchagua kiti kinachoutazama mlango, na mgongo ukiwa ukutani, nami siwaulizi sababu. Kisha ninamwomba ageuze shingo polepole na kukitazama chumba chote: dirisha, pembe, feni, mlango wa kutokea. Hatafuti uzuri wowote humo. Anayaacha macho yahakikishe kwamba hakuna anayemnyemelea. Mara nyingi, katikati ya kutazama huko, pumzi ndefu humtoka bila kuitafuta, mabega yakashuka kidogo, na hiyo ni dalili ninayoithamini kuliko maneno yoyote atakayoniambia. Baada ya hapo tunasikiliza sauti za mbali kabla ya sauti za karibu, kwa kuwa ya mbali haitishi: honi ya meli bandarini, kengele ya baiskeli, watoto wakitoka chuoni. Kisha nyayo sakafuni. Anazikanyaga kwa uzito, anainua visigino, anavishusha, anahisi ubaridi wa sakafu. Tukifika hapo katika kikao cha kwanza, inatosha.

Pumzi inakuja baadaye sana, na kwa wengine haiji kabisa. Fikirini mtu aliyenusurika kuzama. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, na kwa kuwa pwani hii ya Tanga na Pemba zimeunganishwa na ndugu na ndoa, msiba ule ulifika mpaka katika nyumba za huku. Aliyepita katika maji ya namna hiyo, ukimwambia aizingatie hewa inavyoingia puani na kujaa kifuani, unamrudisha kwenye dakika ambayo hewa haikuwapo. Kwake yeye kifua ni mahali pa hatari, na nyayo, viganja, au hata ncha za vidole vikipapasa ukindu wa mkeka, ni mahali salama pa kuanzia. Kwa asiye na historia hiyo, kurefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia husaidia kweli, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa pumzi na huongezeka kidogo tunapoivuta.

Jambo la mwisho katika ufunguzi huu ni kipimo. Dakika 2 zilizofanywa kwa usalama, mara kadhaa kwa siku, zina faida kuliko nusu saa ya kuvumilia kwa meno yaliyoumana. Dhiki ikianza kupanda, mtu afumbue macho kama ameyafumba, asimame, atembee, amwite mwenzake. Anayeacha zoezi kwa uamuzi wake amefanya zoezi lenyewe, kwa sababu kiwewe kilimnyang'anya uwezo wa kusema basi, na sasa amesema na amesikilizwa.

Karibuni kwa maswali.

Mkazi wa Ngamiani

Shukrani, mnasihi, kwa maelezo ya kina. Nina swali ambalo najua wengi wanalo lakini wanasita. Mazoezi haya asili yake ni dini ya Kibudha, nasi wengi wetu hapa Tanga ni Waislamu, na wengine ni Wakristo. Je, hayagongani na imani? Na je, sala na dhikri hazitoshi?

Mnasihi wa Raskazone

Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Ni kweli kwamba Kabat-Zinn alijifunza katika mila ya Kibudha, lakini mafunzo aliyoyapeleka hospitalini hayana ibada, sanamu wala kiapo chochote. Kutazama chumba na kuhisi sakafu hakumwombi mtu aache chochote katika dini yake. Hata hivyo sipendi kusema kwamba sala na uzingativu ni kitu kimoja, maana anayesali anamwelekea Mola wake, na anayehisi nyayo zake anazihisi nyayo zake tu. Ninachokiona ni kwamba mtu mwenye dhikri anayo tayari mazoea ya kurudisha moyo pale unapotangatanga, na tasbihi inayopita vidoleni ni kitu cha kushika ambacho mwili wake umekwisha kukizoea tangu utotoni. Aliyelelewa na rozari anacho hichohicho. Ninawahimiza wavitumie.

Kutosha au kutotosha kunategemea mtu. Aliyevunjika mguu anasali na anafungwa bandeji ngumu, na sijasikia sheikh wala padri aliyeona mgongano hapo.

Mama wa Pangani

Shikamoo mnasihi, na wote mnaostahili shikamoo. Mdogo wangu alinusurika chombo kilipopinduka akiwa na wenzake. Tangu wakati huo hawezi kujimwagia maji kichwani, na udhu umekuwa mtihani, hasa kupandisha maji puani na kunawa uso. Anatokwa na machozi na anasema imani yake imepungua. Tumfanyie nini?

Mnasihi wa Raskazone

Marahaba, mama. Mwambieni kwanza kwamba imani yake haikupungua. Kinachokataa ni uso na pua, sehemu zilizokutana na maji yale. Kuna jambo la kimaumbile pia: maji baridi yakigusa uso, mwili hupunguza mapigo ya moyo na kuzuia pumzi kwa muda mfupi, na ndiyo maana watu wengine hutulia wanaponawa uso. Kwa mdogo wako hisia ileile ya kuzuilika pumzi ndiyo inayomtisha, hivyo ushauri wa kawaida wa kunawa uso kwa maji baridi usimpe.

Anzeni na beseni la maji ya uvuguvugu, mchana, uani, mlango ukiwa wazi na mtu anayemwamini akiwa karibu. Aingize vidole, avitoe. Aseme kwa sauti kile anachokihisi, joto, uzito, wepesi, na atazame ua ulivyo: ukuta, mti, kamba ya nguo. Siku nyingine maji yafike kwenye kifundo cha mkono, kisha kiwiko. Uso aufikie kwa kitambaa chenye unyevu, akikishika yeye mwenyewe, macho yakiwa wazi, akianza na paji la uso na kuacha pua kwa wakati wake. Mtu mwingine asimmwagie maji hata kwa wema. Kuhusu hukumu ya udhu katika kipindi hiki, nendeni kwa mwanachuoni mnayemwamini mkamweleze hali ilivyo, kwa sababu dini ina nafasi kwa mwenye udhuru na yeye ndiye mwenye elimu ya kulisemea hilo.

Mwalimu wa Muheza

Mimi naomba tuwe wakali kidogo na ushahidi. Watu wetu wanauziwa tiba nyingi. Uzingativu umepimwa kweli kwa wagonjwa wa kiwewe, au ni mtindo tu?

Mnasihi wa Raskazone

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza. Mwaka 2015 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio lililowashirikisha maveterani 116, yaani askari wa zamani, wenye msongo wa baada ya kiwewe. Waliofundishwa uzingativu walipata nafuu zaidi ya wenzao waliokuwa katika tiba ya kikundi, lakini tofauti ilikuwa ya wastani, na idadi ya walioondokewa kabisa na ugonjwa haikutofautiana kwa namna ya kuaminika. Mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha jaribio la yoga kwa wanawake ambao tiba nyingine hazikuwafaa: baada ya wiki 10, wanawake 16 kati ya 31 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, ikilinganishwa na 6 kati ya 29 waliopewa elimu ya afya tu. Yoga ile ilifundishwa kwa kuwapa wanawake uchaguzi katika kila hatua, na mimi naamini uchaguzi huo ulikuwa na uzito sawa na mazoezi yenyewe.

Kwa hiyo ninauona uzingativu kama msaidizi. Tiba zenye ushahidi mzito zaidi ni zile zinazomsaidia mtu kulikabili tukio kwa mpangilio, akiwa na mtaalamu. Na zinawezekana kwetu: mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 640 waliofiwa na wazazi, katika Kenya na hapa Tanzania, ambapo watu wasio wataalamu wa saikolojia walifunzwa na kusimamiwa, wakawapa watoto tiba ya kiwewe kwa vikundi, na katika maeneo mengi ya utafiti watoto hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Uzingativu wa aina ninayoieleza humwandaa mtu kuistahimili tiba hiyo, kwa sababu asiyeweza kukaa na mwili wake kwa dakika moja atawezaje kukaa na kumbukumbu yake kwa saa nzima?

Msomaji wa kimya

Sijawahi kuandika hapa. Mume wangu hunipiga anapokunywa. Nikisikia ufunguo mlangoni tumbo linanikata na mikono inatetemeka. Je, mazoezi haya yatanisaidia nisitetemeke?

Mnasihi wa Raskazone

Dada yangu, ahsante kwa kutuamini. Nitakujibu kwa uwazi. Mwili wako haujakosea. Unatetemeka kwa sababu hatari ipo, na siwezi kukufundisha zoezi la kukuzoesha kipigo. Haya niliyoyaandika ni ya hatari iliyokwisha; yako inaendelea, na kazi ya kwanza ni wewe na watoto, kama wapo, kuwa mahali ambapo hamwezi kufikiwa.

Katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo unaweza kueleza faragha. Ukiwa na jeraha utapewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Na kama jeraha ni la dharura, nenda hospitali kwanza. Ofisi za ustawi wa jamii katika halmashauri nazo zina wajibu wa kukusikiliza. Mchague mtu mmoja, jirani au ndugu, umweleze leo, mkubaliane neno ambalo ukimpigia na kulitamka ataelewa kwamba aje au aite msaada. Nyaraka zako na nauli viweke kwake. Zoezi moja tu ningekupa kwa sasa: unapotetemeka, tazama mlango wa kutokea na uhisi nyayo zako, ili miguu ikumbuke kwamba inaweza kuondoka. Tafadhali niandikie faragha, na usitaje mtaa wako hapa.

Mjukuu wa Bumbuli

Bibi yetu anasema kaka yangu ana jini, kwa sababu usiku anapiga mayowe na mchana anakaa ameduwaa. Amepelekwa kwa mganga, akafukizwa ubani. Alikuwa dereva wa lori na aliona mwenzake akiungua. Tumwache bibi aendelee?

Mnasihi wa Raskazone

Mheshimuni bibi, maana anahangaika na mjukuu wake kwa elimu aliyonayo. Dua na kisomo vikimpa kaka yako faraja, viendelee. Nitakuwa mkali kwa mambo mawili tu: asifungwe kamba wala kupigwa kwa kisingizio cha kumtoa jini, na moshi uachwe mara moja. Kwa mtu aliyemwona mwenziwe akiungua, moshi ndio unaomrudisha pale barabarani kila siku.

Mayowe yanapokuja usiku, msimtikise wala kumshika. Washeni taa, simameni mbali kidogo miguuni kwake, mtajeni jina, mwambieni nyinyi ni nani, hapa ni wapi na leo ni siku gani, kwa sauti ya kawaida. Akiamka kabisa, mpeni kitu cha kushika chenye ubaridi. Dalili zikiwa zimepita mwezi mmoja, na hasa akizungumzia kufa au akianza kulewa ili alale, apelekwe hospitali. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ni mahali pa kuanzia, na katika milima yetu ya Usambara ipo hospitali ya Lutindi inayohudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Kumpeleka huko hakumaanishi kwamba ni mwendawazimu.

Abiria wa zamani

Mimi ni wa ajali ya basi. Nimesoma yote na zoezi la kutazama chumba nimelijaribu, limenifaa. Lakini nina harusi ya mwanangu Dar es Salaam na sijapanda basi tangu nilipotoka hospitali. Nianzeje?

Mnasihi wa Raskazone

Hongera kwa harusi, mzee wangu. Nenda kwanza stendi ya Kange bila mzigo na bila nia ya kusafiri. Kaa mahali unapoyaona mabasi yakiingia na kutoka, nyayo chini, ukitazama pande zote, kisha rudi nyumbani mwili ukiwa bado umetulia, usisubiri uchoke. Ukiona stendi imekuwa ya kawaida, omba ruhusa ya kondakta upande basi lililosimama, uchague kiti, uhisi uimara wa chuma cha kiti cha mbele, ushuke. Halafu panda daladala hadi Pongwe na mtu unayemwamini, ukikaa karibu na mlango. Baadaye Muheza. Njiani usifumbe macho na usijilazimishe kupumua kwa namna yoyote. Taja kimoyomoyo unavyoviona nje, minazi, michungwa, mashamba ya mkonge, na unapohisi moyo unapanda bonyeza nyayo sakafuni na ugeuze shingo umtazame mwenzako.

Kama mwili ukikataa kufika Muheza, shukeni Pongwe, mnywe chai, mrudi, na mjaribu siku nyingine. Kama siku za harusi zitakaribia kabla hujaweza basi, mwombe mwanao akuletee gari dogo litakalosimama kila utakapotaka, na kiti uchague wewe.